Kuchambua mchezo wa chesi wa mashindano ya wakongwe: kosa huwa lipo hatua chache nyuma

Mchezaji wa miaka hamsini na kitu akitoka mashindanoni ameshindwa, jambo la kwanza analofanya siku hizi ni kuuingiza mchezo kwenye simu na kuwasha injini, yaani programu inayochambua chesi. Sekunde chache baadaye anaona alama nyekundu: hatua ya 41, kosa kubwa. Anatikisa kichwa, anasema "ah, nilichoka tu," anazima simu. Mashindano yajayo anarudia yale yale kwa sura nyingine, kwa sababu hatua ya 41 ilikuwa matokeo tu. Uamuzi uliomfikisha pale aliufanya kwenye hatua ya 30, pengine ya 26, wakati injini bado ikisema mambo ni shwari.

Mwongozo huu ni wa mchezaji mwenyewe, au wa kijana anayemsaidia mzee wake kuupitia mchezo. Mfano nitakaoutumia ni wa zamani sana, na nimeuchagua makusudi. Agosti 1895, mjini Hastings, Uingereza, Wilhelm Steinitz alicheza na Curt von Bardeleben. Steinitz alikuwa na miaka 59, na mwaka uliotangulia alikuwa amevuliwa ubingwa wa dunia na Emanuel Lasker. Mpinzani wake alikuwa na miaka 34. Mashindano yale hayakuwa ya wakongwe, ila kwa kanuni za leo Steinitz angeandikishwa kundi la 50+ (wenye miaka hamsini na zaidi) bila swali, na sijui mchezo mwingine unaoonyesha vizuri hivi jinsi kosa moja linavyojificha nyuma ya jingine.

Kwanza: jua mchezo ulichezwa katika hali gani

Ubingwa wa dunia wa wakongwe ulianza 1991 mjini Bad Wörishofen, Ujerumani, na bingwa wa kwanza alikuwa Vasily Smyslov, akiwa na miaka 70. Tangu 2014 kuna makundi mawili, la 50+ na la 65+. Huchezwa raundi 11 kwa mfumo wa Uswisi (kila raundi unapangiwa mwenye pointi zinazokaribiana na zako), na muda uliozoeleka ni dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 za ziada, huku kila hatua ikiongeza sekunde 30 tangu mwanzo. Piga hesabu: mchezo ukifika hatua ya 60, kila mmoja amepewa dakika 150. Kwa wawili hao ni saa tano za kukaa kitini, na kesho kuna raundi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kete yoyote, andika juu ya ukurasa: raundi ya ngapi, ulicheza na rangi gani, mchezo ulianza saa ngapi na kuisha saa ngapi, jana yake ulipata nini, na ulikuwa ukitafuta ushindi au sare ingekutosha. Mstari mmoja au miwili inatosha. Hali hizi si visingizio. Viktor Korchnoi alichukua ubingwa huu mwaka 2006 huko Arvier, Italia, kwa pointi 9 kati ya 11, akiwa na miaka 75. Umri peke yake haujibu kitu. Lakini aliyecheza hatua ya 38 katika saa ya nne huku sare ikimtosha hawezi kuhukumiwa sawa na aliyecheza hatua hiyo hiyo akihitaji ushindi na ana dakika hamsini mkononi.

Pili: karatasi kabla ya simu

Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zinaruhusu karatasi ya mchezo iandikwe hatua, muda unaosomeka kwenye saa, na pendekezo la sare, ambalo huwekewa alama (=). Wengi wetu huandika hatua peke yake, na hapo tunatupa nusu ya ushahidi. Jizoeze kuandika dakika zilizobaki kila baada ya hatua tano, kwa tarakimu ndogo pembeni. Na kwa kuwa kila hatua inaongeza sekunde 30, huruhusiwi kuacha kuandika hata saa ikikubana, kwa hiyo karatasi ya mkongwe huwa nzima hadi mwisho. Ni hazina ambayo wachezaji wa mchezo wa dakika tano hawana.

Tazama karatasi ya mzee mmoja wa klabu yetu, ambayo amekubali niitumie. Mwandiko wake umenyooka hadi hatua ya 22, na pembeni ameandika 61. Baada ya hatua ya 23 ameandika 38. Dakika 23 zimekwenda kwa hatua moja, na hatua yenyewe ni ngome kutoka f1 kwenda e1, hatua ambayo mtu huicheza bila kufikiri. Injini haikuiwekea alama yoyote. Nikamuuliza, "Mzee, hapa ulikuwa unawaza nini?" Akacheka. "Nilikuwa nataka kuutoa farasi kafara, nikaogopa." Dakika zote zile alikuwa akihesabu kafara ambayo hakuicheza, akarudi kwenye hatua ya tahadhari, na tangu hapo akawa anacheza kwa haraka ili kufidia muda. Alama nyekundu ya injini ilikuja kwenye hatua ya 36, lakini mchezo ulipinda kwenye ya 23.

Basi chukua kalamu nyekundu, uzungushie kila mahali palipoliwa dakika zaidi ya kumi, na kila mahali hatua tatu au nne zilipochezwa chini ya dakika moja kila moja. Hivyo ndivyo vituo vyako vya kwanza.

Kisha, jioni ile ile ikiwezekana, andika kwa maneno yako ulichokuwa unafikiri kwenye kila kituo. Usiandike hatua ipi ilikuwa bora, hiyo itakuja. Andika ulikuwa unaogopa nini, ulikuwa unataka nini, na ni hatua gani nyingine uliyoitazama ukaiacha. Baada ya siku mbili kumbukumbu hizi zinapotea, au mbaya zaidi, zinajipamba.

Tatu: muulize mpinzani

Hili hufanyika pale pale baada ya kupeana mikono, na kwenye mashindano ya wakongwe ndiyo raha yenyewe. Mchezaji wa miaka 52 aliyekaa mbele ya wa miaka 67 bado ni kijana: shikamoo kwanza, halafu, "Mzee, ulikuwa unaogopa nini nilipoleta farasi kule?" Muulize alichokuwa anaogopa kabla ya kumuuliza alichokuwa anapanga. Majibu yatakushangaza. Mara nyingi utakuta kila mmoja alidhani yeye ndiye aliyebanwa. Yaandike bila kubishana. Ubishi wa nani alikuwa mbele injini itaumaliza kwa sekunde tano, lakini hofu ya mpinzani haimo kwenye injini yoyote.

Nne: upitie mchezo kwa ubao, ukisimama kwenye vituo

Panga ubao wa kweli. Herufi ni zile zilizozoeleka kwenye karatasi za mashindano: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi; x ni kula, + ni cheki, O-O ni mfalme kuhamia pembeni pamoja na ngome, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya weusi. Steinitz ana kete nyeupe.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.cxd4 Bb4+ 7.Nc3 d5 8.exd5 Nxd5 9.O-O Be6 10.Bg5 Be7 11.Bxd5 Bxd5 12.Nxd5 Qxd5 13.Bxe7 Nxe7 14.Re1 f6 15.Qe2 Qd7 16.Rac1 c6 17.d5 cxd5 18.Nd4 Kf7 19.Ne6 Rhc8 20.Qg4 g6 21.Ng5+ Ke8 22.Rxe7+ Kf8 23.Rf7+ Kg8 24.Rg7+ Kh8 25.Rxh7+

Hapo Bardeleben aliinuka. Inasimuliwa kwamba alitoka ukumbini bila kusema neno, akaiacha saa yake iendelee kuhesabu.

Kwenye ufunguzi usikae sana. Wakongwe wengi wanacheza ufunguzi ule ule tangu ujanani na wanaujua, na kinachotakiwa ni kutafuta hatua ya kwanza ambapo mmoja aliacha njia iliyozoeleka na kujiuliza kama aliijua au alibahatisha. Hapa ni Ufunguzi wa Kiitalia. Kwenye hatua ya 7 njia inayojulikana zaidi ni 7...Nxe4, inayoleta vurugu. Bardeleben alichagua 7...d5, tulivu zaidi, inayomwachia Steinitz askari mpweke kwenye d4, yaani asiye na askari mwenzake kwenye safu za jirani. Kwenye hatua ya 9 hakumla askari kwa 9...Bxc3 10.bxc3 Nxc3, na alifanya vyema, kwa sababu 11.Qb3 humtisha farasi wa c3 na mraba wa f7 kwa pamoja. Inatosha. Songa mbele.

Kituo cha kwanza ni hatua ya 11 hadi 13. Steinitz anabadilishana kete mfululizo: askofu kwa farasi, farasi kwa askofu, askofu kwa askofu. Mtu anayetazama juu juu atasema mzee anatafuta sare. Lakini tazama kilichobaki baada ya 14.Re1: mfalme mweusi yuko e8, farasi wake wa e7 amefungwa mbele yake na ngome ya e1, na ile O-O haiwezekani kwa sasa, kwani mfalme akiondoka farasi analiwa. Kila kete iliyobadilishwa ilikuwa inanunua muda wa kumzuia mfalme katikati. Unapochambua mchezo wako, kila mahali palipo na mabadilishano uliza: nani amepata muda, na mfalme wa nani amebaki wazi? Hesabu ya kete haisemi lolote hapa, maana iko sawa kabisa.

Kituo cha pili ndicho kituo chenyewe. Simama baada ya 16.Rac1, geuza ubao ukae upande wa weusi, jipe dakika kumi kwa saa, na uandike hatua ambayo ungeicheza. Usiendelee kusoma kabla hujaandika.

Bardeleben alicheza 16...c6. Ni hatua ya busara ukiitazama peke yake. Inaziba safu ya c mbele ya ngome, inaulinda mraba wa d5, na inamwandalia farasi makao pale d5 baadaye. Nadhani wachezaji wengi wa umri wowote wangeicheza, na ndiyo maana inafaa kuchambuliwa kuliko kafara zote zinazofuata. Jibu likawa 17.d5. Askari mpweke, yule yule ambaye vitabu vinasema ni udhaifu, anajitoa kafara. Farasi mweusi hawezi kumla kwa sababu amefungwa. Baada ya 17...cxd5, mraba wa d4 umeachwa wazi, na farasi wa Steinitz anaupanda: 18.Nd4, kisha 19.Ne6, katikati ya kambi ya adui. Ile c6 iliyokusudiwa kuzuia d5 ndiyo iliyofungua safu ya c na kumpa farasi ngazi.

Wachambuzi wa tangu zamani husimama hapa na kusema 16...Kf7 ndiyo iliyotakiwa. Usiwaamini hivi hivi, ijaribu. Jibu la kutisha ni 17.Qxe7+ Qxe7 18.Rxe7+ Kxe7 19.Rxc7+ Kd6 20.Rxg7. Hesabu: Steinitz ametoa ngome akapata farasi na askari wawili. Lakini 20...Rhc8 inaziamsha ngome mbili za weusi, na papo hapo kuna tishio la kushuka c1, mahali mfalme mweupe hana dirisha la kutorokea. Hakuna aliyeangamia, mchezo unaendelea. Sasa linganisha na kilichotokea. Tofauti kati ya kuendelea kupigana na kuangamia ilikuwa ni kumsogeza mfalme hatua mbili mapema. Alikuja kumsogeza hata hivyo, kwenye hatua ya 18, amechelewa.

Hilo ndilo swali la kuandika kwenye daftari lako: je, kuna hatua ambayo nilijua nitaicheza, nikaiahirisha kwa ajili ya hatua nyingine "ya maandalizi"? Katika michezo ya wakongwe ninayoipitia, kosa la namna hii hunitokea mbele mara nyingi kuliko kosa la kutoona tishio. Uzoefu unamfundisha mtu kuwa mwangalifu, na uangalifu unamfanya aandalie jambo ambalo halihitaji maandalizi.

Kituo cha tatu, hatua ya 20 hadi 25, ni sherehe, nawe ruhusu roho ifurahi kidogo. 20.Qg4 inatishia chekimeti ya haraka kupitia g7, 20...g6 inazuia, 21.Ng5+ inampiga mfalme cheki huku ikifungua njia ya malkia wa g4 hadi malkia wa d7, na mfalme analazimika kurudi e8 kumlinda. Halafu 22.Rxe7+. Ukisimamisha ubao baada ya 22...Kf8 utaona jambo la ajabu: kete zote nne za Steinitz, yaani malkia, ngome mbili na farasi, zinaweza kuliwa. Naye mwenyewe hawezi kumla malkia, kwa sababu 23.Qxd7 inajibiwa na 23...Rxc1+ na chekimeti kwenye mstari wa kwanza. Kwa hiyo anaendelea na cheki. 23.Rf7+: malkia akimla, 24.Rxc8+ Rxc8 25.Qxc8+ humwacha na farasi wa ziada. 24.Rg7+: mfalme akimla, 25.Qxd7+ ni cheki, na ngome ya c8 haipati nafasi ya kupumua.

Zoezi la kuhesabu liko hapa. Kwa nini Bardeleben hakula ngome moja kwa moja kwa 22...Kxe7? Hesabu kwa kichwa, bila kugusa kete, kisha linganisha na hii: 23.Re1+ Kd6 24.Qb4+ Kc7 25.Ne6+ Kb8 26.Qf4+ Rc7 27.Nxc7 Qxc7 28.Re8, chekimeti, kwa sababu malkia wa c7 amefungwa na hawezi kuziba. Ukiishia hatua ya 25, si vibaya. Andika ulipoishia, maana ndio urefu wa hesabu yako ya sasa, na unaweza kuupima tena baada ya miezi kadhaa.

Na mwisho ambao haukuchezwa ubaoni: 25...Kg8 26.Rg7+ Kh8 27.Qh4+ Kxg7 28.Qh7+ Kf8 29.Qh8+ Ke7 30.Qg7+ Ke8 31.Qg8+ Ke7 32.Qf7+ Kd8 33.Qf8+ Qe8 34.Nf7+ Kd7 35.Qd6, chekimeti. Mzee wa miaka 59 aliyaona yote haya. Wanaosema akili ya kuhesabu hufa baada ya hamsini waupitie mstari huu taratibu.

Tano: sasa washa injini

Lichess inakupa injini ya Stockfish bure, hata kwa simu ya kawaida. Bandika mchezo, omba uchambuzi, lakini usianze na alama nyekundu. Nenda kwenye vituo ulivyovizungushia kalamu na ulinganishe ulichoandika na inachosema. Patakuwa na aina tatu za tofauti.

Aina ya kwanza, injini inasema hatua yako ilikuwa kosa na unaona sababu mara moja. Rahisi, andika uendelee. Aina ya pili, injini inasema ulikuwa salama wakati wewe uliandika kwamba uliogopa. Hii ina thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha hofu inayokula muda wako. Yule mzee wa dakika 23 alikuta kafara yake ilikuwa nzuri, na Re1 nayo ilikuwa nzuri. Hakukosea hatua, alikosea bajeti ya saa. Aina ya tatu, injini inapendekeza hatua ambayo huielewi hata baada ya kuifuata hatua sita mbele. Iache. Ukiona tathmini imebadilika kwa sehemu ndogo ya askari mmoja, kutoka 0.3 hadi 0.6, usihangaike nayo: kwa kiwango chetu hiyo ni kelele.

Ukitaka kuielewa hatua ya injini, usiisome, ipinge. Cheza wewe jibu ambalo ulidhani linaiangusha, uone inakuadhibu vipi. Adhabu ndiyo maelezo.

Sita: ikiwa mchezo ulifika mwisho wa kete chache

Mchezo wa Steinitz uliisha mapema, lakini michezo mingi ya wakongwe huamuliwa baada ya hatua ya 40, kwenye ngome na askari, wakati miguu imekufa ganzi. Hapa uchambuzi ubadilike. Usitafute hatua nzuri, tafuta kama ulijua nafasi ya kitabu. Mfano mmoja unaomtofautisha anayejua na asiyejua: mfalme mweusi e8, ngome yake a6, mfalme mweupe d5, askari e5, ngome h7. Weusi wana sare, mradi ngome ibaki kwenye mstari wa sita na kumzuia mfalme mweupe asipande. Askari akisogea e6, ngome ishuke mara moja hadi a1 na kuanza kupiga cheki kutoka nyuma, kwani mfalme hana tena pa kujificha. Ukiishusha mapema, unapoteza. Ukichelewa, unapoteza pia.

Aliyeshindwa nafasi hii asiandike "nilichoka". Aandike "sikuijua", kisha akae nayo nusu saa. Na kama aliijua akakosea kwa sababu ilibaki dakika moja, arudi kwenye vituo vya saa: tatizo lipo kule nyuma, palipoliwa dakika 23.

Saba: andika mistari mitatu

Daftari la kawaida linatosha. Kwa kila mchezo weka mistari mitatu tu: hatua ambapo mchezo ulipinda, ulichokuwa unawaza wakati huo, na jambo moja la kujaribu raundi ijayo. Steinitz na Bardeleben wangeandikwa hivi, upande wa weusi: "Hatua ya 16. Nilitaka kuzuia d5 kabla ya kusogeza mfalme. Mara ijayo, mfalme akiwa katikati na safu ya e iko wazi, mfalme kwanza." Ukizidisha zaidi ya hapo hutayasoma tena.

Usichanganye ushindi na mchezo mzuri. Michezo uliyoshinda nayo ipitie, hasa ile uliyoshinda kwa mpinzani kuishiwa na muda, kwa sababu pale uamuzi mbaya haukuadhibiwa na utaurudia kwa kujiamini.

Baada ya wiki moja, panga tena nafasi ya hatua iliyopinda, chukua upande ulioushika siku ile, weka saa dakika 20, na uicheze dhidi ya mtu au programu kwa kiwango chako. Kisha geuza ubao, uicheze upande wa pili. Kwa nafasi ya Hastings, anza baada ya 16.Rac1 kwa weusi, cheza 16...Kf7, na uone mfalme wako anafika wapi.